Waya wa Unene Gani kwa Mota ya Umeme ya Boti? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mota ndogo za umeme zinazofungwa omo (mbele) au tezi (nyuma), kwenye boti ya faiba, ya mbao au mtumbwi, na zinazotumia betri za volti 12, 24 au 36. Hesabu zote ni za shaba halisi, na unene umetajwa kwa milimita za mraba kama unavyotajwa kaunta: "waya wa kumi" ni mm² 10.

Mota yangu imeandikwa 55 lb. Nichukue waya wa ngapi?

Hiyo 55 lb ni nguvu ya kusukuma kwa ratili, na peke yake haichagui waya. Unahitaji mambo matatu: ampea ambazo mota inavuta ikiwa kasi ya mwisho, volti za betri, na umbali kutoka betri hadi mota.

Ampea husomwa kwenye kibati cha mota au kijitabu chake. Kama vyote vimepotea, makadirio haya hayapishani sana na ukweli. Kwa volti 12, mota ya ratili 30 huvuta karibu ampea 30, ya 40 hadi 45 karibu ampea 42, na ya 50 hadi 55 karibu ampea 50. Kwa volti 24, ya ratili 70 huvuta karibu ampea 42 na ya 80 karibu 56. Ya volti 36 yenye ratili 101 huvuta karibu 46.

Kwa hiyo mota yako ya 55 ni ya kuhesabiwa ampea 50. Betri ikiwa mita 2 kutoka kwenye mota, waya wa 10 unatosha, ilimradi ganda lake linastahimili joto (tazama swali la ampea 40 hapa chini). Mita 3, chukua 16. Mita 4 au 5, chukua 25. Mita 6 unaingia kwenye 35, na hapo ni afadhali kuhamisha betri kuliko kununua waya.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Unene (mm²) = 0.035 × umbali (mita) × ampea ÷ volti unazokubali zipotee njiani.

Hiyo 0.035 ni ukinzani wa shaba, 0.0175, mara mbili, kwa sababu umeme unakwenda kwa waya wa chanya na kurudi kwa waya wa hasi. Kwa hiyo weka umbali wa njia moja tu. Wanaokosea hapa hukosea kwa namna mbili: wengine hutumia 0.0175 na umbali wa njia moja, wakatoka na waya wenye nusu ya unene unaotakiwa. Wengine huzidisha mara mbili kisha wakaweka tena 0.035, wakanunua shaba ya bure.

Mfano: ampea 50, mita 3, volti 12, upotevu wa asilimia 3. Asilimia 3 ya 12 ni volti 0.36. Basi 0.035 × 3 × 50 ÷ 0.36 = 14.6. Madukani hakuna waya wa 14.6, kwa hiyo unapanda hadi 16. Saizi zinazopatikana ni 4, 6, 10, 16, 25, 35 na 50.

Kwa wasiopenda kikokotoo, haya ndiyo matokeo kwa upotevu wa karibu asilimia 3:

Volti 12, ampea 30: mita 2 → 6, mita 3 → 10, mita 4 na 5 → 16.
Volti 12, ampea 42: mita 2 → 10; mita 3 na 4 → 16; mita 5 → 25.
Volti 12, ampea 50: mita 2 → 10, mita 3 → 16, mita 4 na 5 → 25, mita 6 → 35.
Volti 24, ampea 56: 16 inatosha hadi mita 6.
Volti 36, ampea 46: 10 inatosha hadi mita 6.

Hesabu ikizidi saizi ya dukani kwa kitu kidogo, usijitese. Ampea 50 kwa mita 5.5 inatoa 26.7, waya wa 25 utapoteza asilimia 3.2 badala ya 3, na hakuna mtu atakayeitambua tofauti hiyo majini.

Kwa nini asilimia 3? Nimesoma mahali kwamba 10 inaruhusiwa.

ABYC, chombo cha Marekani kinachotunga viwango vya boti, kina ngazi mbili katika kiwango chake cha E-11: asilimia 3 kwa saketi nyeti kama taa za usalama na vifaa vya elektroniki, na asilimia 10 kwa saketi nyingine za kawaida. Taa ya chumbani ikipoteza asilimia 10 inafifia kidogo tu. Mota ikipoteza 10, volti 1.2 zimekwenda, na kwa ampea 50 hizo ni wati 60 zinazopasha waya badala ya kuzungusha propela.

Tena waya haupotezi umeme peke yake. Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.7 ikiwa imetulia, lakini ukiivuta ampea 50 inashuka yenyewe. Ukiongeza upotevu wa waya, mota inabaki na 10 na kitu. Lenga 3. Ukibanwa na bei, 5 inavumilika. Zaidi ya hapo unalipia betri kubwa ili upashe waya moto.

Fundi ananiambia waya wa 6 unabeba ampea 40 bila kuungua. Mbona mnasisitiza mnene zaidi?

Fundi hajakosea, ila anajibu swali jingine. Kuna kipimo cha joto (waya utaungua?) na kuna kipimo cha upotevu (volti ngapi zitafika?). Katika umeme wa nyumbani wa volti 230, kupoteza volti moja na nusu si kitu, ndiyo maana fundi wa majumbani hufikiria joto kwanza. Kwenye volti 12, volti hiyo moja na nusu ni zaidi ya asilimia 12. Waya wa 6, mita 5.5, ampea 50: zinapotea volti 1.6.

Waya wako lazima upite vipimo vyote viwili, na kwa umbali mfupi sana ni joto ndilo linaloamua. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC linalostahimili nyuzi 70 za joto, ukiwa ndani ya bomba, hubeba takriban ampea 41 kwa mm² 6, ampea 57 kwa 10 na ampea 76 kwa 16. Hapo hewa ina nyuzi 30. Chini ya sitaha saa nane mchana hewa hufika 40 bila shida, na hapo unabakiwa na asilimia 87 tu: yaani 36, 50 na 66. Ndiyo maana mota ya ampea 50 isifungwe waya wa 10 wa majumbani hata kama betri iko mita moja tu. Anza na 16, au tafuta waya wa 10 wenye ganda la nyuzi 90 au 105.

Umbali unapimwa wapi hadi wapi?

Kwa kamba, si kwa macho. Ilaze kamba pale pale waya utakapopita: kutoka nguzo ya betri, kwenye fyuzi, ubavuni, kwenye mataruma (mbavu za boti), hadi kwenye plagi ya mota. Ongeza sentimita 30 kila mwisho ili lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya) ikiharibika uweze kukata na kubana upya. Boti ya mita 5 yenye betri tezi na mota omo haitoki na umbali wa mita 5. Mara nyingi ni 5.5 hadi 6.

Ukiona umbali umekuwa mkubwa, fikiria kupeleka betri karibu na mota kabla ya kutoa pesa. Kumbuka tu kwamba betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina uzito unaokaribia kilo 30, na ukiiweka omo kwenye chombo chepesi, omo litazama chini na usukani utakuwa mzito.

Kijitabu kinasema AWG 6. Hiyo ni waya wa 6?

Hapana, na kosa hili hugharimu watu sana. AWG ni geji ya Marekani, na inakwenda kama geji ya mabati: namba ikipanda, unene unashuka. AWG 10 ni mm² 5.3, AWG 8 ni 8.4, AWG 6 ni 13.3, AWG 4 ni 21.2, na AWG 2 ni 33.6. Kwa hiyo kijitabu kikitaka AWG 6, dukani uliza 16. Ukichukua "waya wa sita" umepata chini ya nusu ya shaba iliyotakiwa.

Kuna pia geji ya Uingereza, SWG, ambayo haifanani na ya Marekani: SWG 8 ni karibu mm² 13 wakati AWG 8 ni 8.4. Mwenye duka akisema "geji nane" bila kufafanua, mwombe akuonyeshe maandishi kwenye ganda la waya.

Waya upi hasa unafaa: wa nyumba, wa sola, wa kuchomelea au wa kuamshia gari?

Unaofaa kuliko yote ni waya wa boti: nyuzi nyingi nyembamba za shaba, kila uzi umepakwa bati. Bati huzuia chumvi isiile shaba. Shaba tupu baharini hushika kutu ya kijani inayotambaa ndani ya ganda, na ukiikata sentimita 20 kutoka kwenye lagi unakuta bado ni nyeusi. Waya huo haubanwi tena, unatupwa.

Kama waya wa boti haupatikani, waya wa sola ndio mbadala wa kwanza. Waya wa sola wa kweli una nyuzi nyembamba zilizopakwa bati na ganda linalostahimili joto na jua. Shida yake ni saizi: maduka mengi yana 4 na 6 tu, kwa hiyo unafaa kwa mota ya ampea 30 iliyo ndani ya mita 2.

Waya wa mashine ya kuchomelea hupatikana kwa 16, 25 na 35, unapinda vizuri, na ziwani unafanya kazi nzuri. Kwa kawaida haujapakwa bati, hivyo baharini funga ncha zake barabara na uzikague kila msimu. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene au nyuzi saba nene usiutumie: mtikiso wa mawimbi huuchosha hadi unakatika pale pale lagi inapoanzia, na kwa nje huoni kitu.

Waya wa kuamshia gari wa bei rahisi ndio wa kuogopa. Ganda lake ni nene, shaba ni kidogo, na mara nyingi hata si shaba.

Nitajuaje kama waya ni shaba au ni alumini iliyopakwa shaba?

Kata kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Alumini iliyopakwa shaba ni nyekundu juu na nyeupe ndani. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume: nyeupe juu, nyekundu ndani.

Njia nyingine ni uzito. Roli ya alumini ni nyepesi ajabu. Ya tatu ni kiberiti: uzi mwembamba wa alumini ukishikwa kwenye moto wa gesi hulegea na kudondoka, wa shaba huwaka wekundu na kubaki.

Alumini hiyo hupitisha umeme kwa karibu asilimia 63 ya shaba, kwa hiyo "25" yake ni kama 16 ya shaba. Lakini hata ukiongeza unene usiifunge baharini. Upako ukikwaruzika na chumvi ikaingia, alumini inaliwa upesi na ncha inageuka unga mweupe.

Fyuzi ya ngapi, na inakaa wapi?

Fyuzi inalinda waya, si mota. Iwe kubwa kidogo kuliko ampea za juu za mota, ila isizidi uwezo wa waya. Kwa ampea 30 weka 40, kwa 42 weka 50, kwa 50 weka 60. Sasa linganisha na waya: fyuzi ya 60 kwenye waya wa PVC wa 10 ni hatari, kwa maana ganda la waya linaweza kuharibika kwa joto kabla fyuzi haijakatika. Hali kadhalika fyuzi ya 40 kwenye waya wa PVC wa 6 chini ya sitaha yenye joto. Panda saizi moja ya waya, usishushe akili kwa kuweka fyuzi kubwa.

Ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. ABYC inataja inchi 7, yaani kama sentimita 18. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Kikikwaruzwa hadi kugusana na hasi, betri itamwaga mamia ya ampea. Watu hufunga fyuzi omo, karibu na mota, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hapo haizuii moto wowote.

Mota inavuta ampea nyingi kuliko zote propela inapokwama. Gugu maji au kipande cha nyavu kikijisokota, breka (swichi ya usalama inayojizima yenyewe) ikakata, usiirudishe mara moja. Nyanyua mota, itenganishe na betri, safisha, ndipo urudishe.

Naweza kutumia breka ya nyumbani?

Hapana. Breka ya umeme wa gridi hutegemea umeme unaogeuka upande mara 100 kwa sekunde ili cheche ife. Umeme wa betri haugeuki, cheche inaweza kuendelea na kuunguza breka. Nunua iliyoandikwa DC (umeme wa betri) pamoja na volti zake. Breka nyingi za DC za maduka ya sola zina alama za + na −. Hizo lazima zifungwe kwa upande ulioonyeshwa. Na kama kuna tangi la petroli ndani ya boti, weka swichi na breka mbali na mahali mvuke wake unapokusanyika, au tumia zilizotengenezwa zisitoe cheche nje.

Waya uliotoka na mota kiwandani ni mwembamba. Nikiunganisha mnene, si umeme utabanwa pale pale?

Upotevu ni jumla ya vipande vyote, si kipande chembamba kuliko vingine. Kile cha kiwandani ni kifupi, na kinapoteza kidogo. Mita zako tano ndizo zenye madhara. Usikikate kile cha kiwandani karibu na mota. Utapoteza dhamana bila faida ya maana.

Sina wa 16. Nikipitisha nyaya mbili za 10 sambamba?

Kwa hesabu ya upotevu unapata 20, sawa. Ila ziwe za aina moja, urefu mmoja, na zibanwe vizuri ncha zote mbili. Tatizo ni siku moja ikilegea: ya pili inabeba mzigo wote kimya kimya. Kwa hiyo fyuzi ihesabiwe kwa uwezo wa waya mmoja. Kwa mota ya ampea 50 na PVC ya kawaida, hilo linakurudisha kwenye tatizo lile lile la fyuzi ya 60.

Nikihamia volti 24, waya unapungua kweli?

Ndiyo, sana. Kwa nguvu ile ile ampea zinakuwa nusu, na asilimia 3 ya 24 ni volti 0.72 badala ya 0.36. Ukichanganya hayo mawili, unene unaotakiwa ni robo. Lakini lazima mota iwe ya volti 24. Ya 12 itaungua.

Waya mfupi unaounganisha betri mbili, chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, hupitisha ampea zote za mota. Uwe na unene ule ule wa waya mkuu. Watu huweka pale kipande chochote kilichobaki, na ndicho kinachopata moto.

Nyaya zipitishwe pamoja au mbalimbali?

Chanya na hasi ziende pamoja, zikisokotwa kidogo. Ampea 50 kwenye waya ulio peke yake hutengeneza sumaku ya kutosha kupotosha dira iliyo karibu. Waya wa kipima kina au kifaa cha kutafutia samaki upitie ubavu mwingine, maana mota zinazopunguza kasi kwa kukata-kata umeme huchafua picha. Shikiza kila sentimita 45, juu ya usawa wa maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti), na kila tundu la mbao au faiba livishwe mpira.

Lagi ibanwe au ilehemiwe?

Ibanwe, kwa koleo la lagi lenye meno ya saizi ile ile, si kwa nyundo wala koleo la kawaida. Lehemu peke yake hugeuza ncha kuwa ngumu, mtikiso unaikata pale ugumu unapoishia. Na kiungo kikipata moto sana, lehemu inayeyuka. Ukishabana, vuta kwa nguvu zako zote. Kisha vika mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

Kwenye betri, lagi igusane moja kwa moja na risasi ya nguzo. Washa za chuma zikae juu ya lagi, kamwe zisikae kati. Nati za masikio zinazokazwa kwa vidole hulegea, tumia nati ya kujifunga na spana. Kiungo chenye ukinzani mdogo sana, 0.01 ya omu, kwa ampea 50 kinakula nusu volti na kutoa wati 25 za joto mahali pamoja. Hapo huna haja ya kubadili waya wa mita tano.

Nitapimaje kama kazi imekaa sawa?

Mota iwe ndani ya maji, boti imefungwa gatini, kasi ya mwisho. Nchi kavu mota haina mzigo, inavuta ampea chache na kila kipimo kitaonekana kizuri.

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya chanya ya betri, nyingine iguse chanya ya plagi ya mota. Utahitaji kurefusha waya wa multimita. Namba unayoiona ndiyo volti zilizoliwa upande wa chanya. Rudia kwa hasi. Jumla isizidi 0.4 kwa volti 12. Pande zote mbili zikisoma sawa lakini juu, waya ni mwembamba. Chanya ikisoma 0.2 na hasi 0.7, waya hauna kosa. Tafuta kiungo kibovu upande wa hasi.

Baada ya dakika kumi pitisha mkono juu ya waya wote, fyuzi na plagi. Uvuguvugu si tatizo. Usipoweza kushikilia mahali kwa sekunde chache, zima na ufungue hapo.

Mimi huenda polepole tu. Si ningetosheka na waya mwembamba?

Hapana. Siku ya upepo na mkondo utaweka kasi ya mwisho, na fyuzi yako imehesabiwa kwa kasi hiyo. Pia mota za kukata-kata umeme, hata polepole, huvuta ampea kubwa kwa vipande vifupi, na vipande hivyo hupasha waya kuliko wastani unaousoma kwenye mita.

Na soketi ya kuwashia sigara iliyo kwenye boti?

Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 15. Ni ya kuchajia simu.